Saa Moja ya Kumlilia Hana

Katandala, Sumbawanga
Juni, mwezi wa baridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii imekukuta umesimama, jembe mkononi, unamhimiza Subilaga asome haraka kwa sababu mvua inakuja. Mama, kaa chini. Barua ni ndefu, na mvua ya Tukuyu tangu nizaliwe sijaona siku iliyokwisha, kwa hiyo hakuna haja ya kuikimbia.

Wifi yangu Subilaga, hujambo? Tangu umalize kisomo cha watu wazima umekuwa msomaji wa ukoo mzima, na nasikia sasa unamsahihisha hata mwalimu wako. Haya, soma kwa sauti na usimeze maneno. Pakifika pa kusoma kimya nitakuambia.

Mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na gauni la kazi limeanza kunibana kiunoni. Baridi tu ndiyo inatutesa. Nyinyi huko mnaringia ukungu, njooni Ufipa muone upepo unaotoka mbali kabisa bila mti wa kuuzuia, unaingia kwenye mikono ya sweta unatokea shingoni. Asubuhi tukienda kazini tunatembea tumejikunyata, hakuna anayesalimia kwa maneno mengi. Lakini watu wana furaha, maana mahindi yamekubali na ulezi umeshavunwa. Wenyeji wamenizoea. Bibi zao wakinisalimia wanapiga makofi taratibu huku wameinama, nami nainama zaidi, basi tunainamiana pale njiani mpaka mmoja wetu acheke.

Ndizi ulizompa utingo wa lori zilifika. Nusu zilikuwa zimeiva, nusu zimeoza, nimezila zote. Ndaga fijo, Mama, asante sana. Majani ya chai nayo yalifika, ila yanahitaji sukari, na sukari katika duka la ushirika inakuja kama mgeni wa heshima: inatangazwa, inasubiriwa, halafu tunaambiwa imeahirisha safari. Na lile swali lako la mume nimelisikia. Bado. Likipata jibu utakuwa wa kwanza kujua, kabla hata ya huyo mume.

Lakini leo, Mama, sikukuandikia kwa ajili ya ndizi. Nimekuandikia kwa ajili ya kaka Asajile. Tafadhali usiinuke.

Katika barua iliyopita uliniambia baba wadogo walikuja tena kuomba kaka yetu awekewe matanga, nawe ukawatoa kwa mchi wa kinu. Umesema wakuonyeshe kaburi kwanza. Tangu yule mtu wa Kyela arudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, akasema jiwe lilimwangukia Asajile huko chini ya ardhi na kwamba alizikwa huko huko, mahali asipopajua, wewe umekuwa kama hukusikia. Hutaki atajwe kwa neno la "alikuwa". Blanketi lake unalianika kila kiangazi lisiliwe na nondo. Mimi sikuandikii nibishane nawe, Mama. Naandika nikusimulie jambo lililotupata hapa, kisha uamue mwenyewe, maana alikuwa mwanao kabla hajawa kaka yangu.

Unamkumbuka Daktari Yakobo niliyewahi kukutajia, yule Mzungu mzee wa kutoka Polandi? Ndiye daktari wetu hospitalini. Mwembamba, miwani mizito, koti moja mwaka mzima, baiskeli yake inalia kuliko yeye anavyosema. Kiswahili chake kizuri, ila anakisema polepole kama anayevuka daraja la magogo. Wagonjwa wanampenda na sisi manesi anatuchosha, kwa sababu hamwandikii mtu dawa kabla hajamsikiliza habari yake yote. Ilianza lini? Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Foleni inafika mpaka kwenye mikaratusi, yeye bado anamsikiliza bibi mmoja wa Kasense anayeeleza jinsi mgongo ulivyoanza kumuuma mwaka wa nzige. Siku moja nilimwambia, "Daktari, wameletwa wagonjwa wengi wa kuhara." Akaniuliza, "Nani na nani?" Nikageuka kuitazama foleni. Akasema, "Wengi si jina la mtu, Nesi Tupokigwe." Tangu siku hiyo simpelekei "wengi".

Asubuhi kabla ya zamu, ukipita nyuma ya nyumba yake, unasikia taipureta inagonga. Mimi na udadisi wangu nilimuuliza anaandika nini kila siku ya Mungu. Akajibu, "Naandika jinsi watu wangu walivyouawa."

Mama, ni katika vita vile vile vya Hitla alivyokwenda mjomba akapigana Burma. Mjomba alituambia habari za mbu na Wajapani, hili hakutuambia, pengine hakulijua. Serikali ya Hitla iliamua kuwaua Wayahudi wote, wazee kwa watoto. Si askari kwa askari. Walitolewa majumbani mwao, wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa kwenye makambi yaliyojengwa kwa kazi hiyo ya kuua. Daktari Yakobo ni Myahudi. Na mimi, Mama, mtoto wa shule ya misheni, nilidhani Wayahudi ni watu wa kwenye Biblia tu, waliokwisha pamoja na mtume Paulo. Nikamwambia hivyo hivyo, mdomo wazi. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, "Hitla naye alitaka watu waseme hivyo." Nilitamani nijifunike shuka la wodi.

Alikuwa daktari kijana, ndiyo kwanza ametoka chuoni, walipochukuliwa yeye, wazazi wake na dada yake mdogo, Hana. Wazazi waliuawa siku ile ile ya kufika. Yeye walimwacha hai awatibu wafungwa, bila dawa na bila bandeji, awatibu kwa maji na maneno. Hana alipelekwa upande wa wanawake, na kuanzia hapo hakumwona tena. Vita vilipokwisha akatoka amebaki mifupa, akaanza kumtafuta dada yake. Kila aliyetoka hai alimuuliza, umemwona msichana mmoja anaitwa Hana? Lakini kila aliyemuuliza naye alikuwa na wake wa kumtaja, na Daktari hakuweza kumkata mtu kauli. Akawa anaandika. Hivyo ndivyo alivyogeuka mwanahistoria, Mama. Alianza kwa kumtafuta mmoja akaishia kuwaandika maelfu, na yule mmoja hakumpata. Wanasema vitabu vyake vinasomwa Ulaya nzima. Hapa tunamjua kwa mambo ya uzazi na minyoo.

Sasa sikiliza lililotokea.

Mwezi uliopita alikuja mtawa mgeni kutoka Polandi kuwatembelea masista wenzake wa misheni. Akapita hospitalini, akamwita Daktari, wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha la wodi ya wazazi. Nilikuwa ndani natandika vitanda, nikawaona ila lugha yao siijui. Yule mtawa alisema maneno machache tu. Daktari akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akamshukuru kwa kuinamisha kichwa. Halafu akaondoka kwa miguu kwenda nyumbani, mchana kweupe, foleni imejaa, baiskeli kaiacha ukutani. Tulishangaa. Huyu mtu hata akiwa na homa ya malaria hupima wagonjwa huku anatetemeka.

Haukupita muda, akaja mbio Mama Klementina. Huyu ni mama wa Kasense anayempikia na kumfulia Daktari, Mkatoliki wa kufunga na kusali, mnene, hakimbii hata kwa mvua. Alifika anahema, kanga imemshuka.

"Nesi, Daktari kafiwa!"

"Kafiwa na nani? Ana nani hapa?"

"Sijui. Kaingia bila kusema, kavua viatu, kakaa kwenye kigoda changu cha jikoni. Kawasha mshumaa, mchana huu! Mishumaa ilivyo adimu! Nikajua kuna maiti. Nimechungulia sebuleni, nimechungulia chumbani, mpaka uvunguni, maiti sijaiona."

Mama, ungefanya nini? Mtu amekaa chini, hana viatu, mshumaa unawaka. Nilifanya kama ulivyonilea. Nilimwachia mwenzangu zamu, nikaenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kristofa. Yeye hakuuliza maswali. Alichukua kofia yake akaenda nyumba kwa nyumba akisema, "Daktari kafiwa, Daktari kafiwa." Unajua watu wakisikia kafiwa mtu aliyewatolea watoto wao tumboni. Wanaume wakaja na kuni begani, wanawake na unga wa ulezi kwenye vikapu, mwingine na kuku, mwingine na samaki wa ziwani, migebuka mikavu iliyotoka Kabwe siku hiyo hiyo. Mikeka ikatandikwa uani. Na wanawake walipoingia langoni wakaangua kilio kama ipasavyo, Mama weee, Mama weee, nami nikiwa mstari wa mbele. Tulilia kwanza, jina la marehemu tungeuliza baadaye.

Mlango ukafunguliwa, Daktari akatoka. Amevaa viatu, amevaa koti, yuko tayari kurudi wodini. Akaona ua umejaa watu na moto unawaka. Mdomo ulimfunguka usifunge.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Daktari, si wewe uliyefiwa?"

Akasema ndiyo, dada yake. Yule mtawa alikuwa ameletewa habari amfikishie. Amepatikana mwanamke mzee aliyekuwa na Hana mpaka mwisho. Hana alifia kambini, katika baridi ya mwisho kabla ya vita kuisha.

"Vita gani?" akauliza Mzee Kristofa.

"Vya Hitla."

Mama, nakuambia ukweli, nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mmoja aliyekuwa anaweka kuni akaishia nusu, gogo mkononi. Kuku akalia. Vijana waliozaliwa baada ya vita hivyo walikuwa pale na watoto wao mgongoni. Nimewatoa watu mashambani, nimewatoa jikoni, kwa msiba wa zamani kiasi hicho!

Daktari aliona aibu yangu akajaribu kunisaidia. Akasema, "Mimi nawashukuru sana. Lakini nimeshamaliza. Sheria ya kwetu Wayahudi ni hivi: habari ya msiba ikifika mapema, mfiwa anakaa chini siku saba. Ikifika imechelewa sana, anakaa muda wa saa moja tu. Nimekaa. Saa imekwisha. Wagonjwa wananingoja."

Mama Klementina akashika kiuno. "Saa moja! Daktari, hata maji ya ugali hayajachemka!"

Wengine walicheka, wakaziba midomo. Mzee Kristofa hakucheka. Akavua kofia yake, akamuuliza Daktari kwa upole, "Habari imekufikia lini?"

"Leo."

"Basi msiba ni wa leo. Sisi hatuhesabu siku aliyokufa mtu, tunahesabu siku habari ilipofika. Mtu wetu akifia mbali, tunaanza kulia siku tukisikia. Na huyo dada yako, kama ni tangu vita vile, amesubiri sana. Kaa, Daktari."

Mama, Daktari alisimama pale akimtazama Mzee Kristofa, na sisi sote tukimtazama yeye. Sikujua atafanya nini. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, kimoja, halafu kingine, akaviweka kando ya mlango na kwenda kukaa mkekani kati ya wanaume. Hapo ndipo tulipolia sasa. Kilio cha mwanzo kilikuwa cha adabu.

Chakula kilipoiva na watu wakala, Mzee Kristofa akasema, "Sasa tuambie. Tumemlilia mtu tusiyemjua." Daktari akaanza. Akataja jina kamili la dada yake, mji aliozaliwa, shule aliyosoma, mwezi aliochukuliwa, treni ilikopita. Alisema kwa ile sauti yake ya kazini, kama anayesoma kadi ya mgonjwa. Watu wakasikiliza kwa heshima. Alipomaliza, Mzee Kristofa akamwambia, "Hayo ni ya serikali, Daktari. Alikuwa anapenda kula nini?"

Daktari akakaa anatazama moto. Nikaogopa tumemuumiza, nikawa namtafuta Mama Klementina kwa macho tuanze kukusanya vyombo. Mara akacheka, kicheko kidogo cha puani. Akasema alipenda jemu. Mama yao alikuwa anapika jemu ya matunda fulani kama zambarau, na Hana alikuwa anachovya kidole chunguni, anakilamba, kisha anajifutia kwenye mkono wa shati la kaka yake ili yeye ndiye apigwe. "Na nilipigwa!" akasema. "Mara ngapi nimepigwa kwa jemu nisiyoila!" Wanawake wakapiga makofi kwa kucheka, wakasema huyo binti alikuwa mtundu, huyo angetuweza sote. Akasema pia alikuwa anapiga mluzi, na mama yao hakutaka, eti msichana hapigi mluzi. "Hata kwetu ni mwiko!" wakapaza sauti wote kwa pamoja, na bibi mmoja akataka kujua ulikuwa mluzi gani. Daktari akajaribu. Midomo ilikuwa mikavu, ukatoka upepo tu. Akajilamba, akajaribu tena, na Mama, ukatoka. Wimbo mfupi wa kuchezacheza, unapanda halafu unashuka kama mtoto anayeruka ngazi. Alipofika mwisho machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nami nililia mpaka kamasi, sioni haya kukuambia.

Tulifanya kama inavyotakiwa. Siku zilizofuata watu walikwenda shambani na kurudi jioni mapema kukaa naye, naye alikwenda wodini na kurudi mkekani. Mara moja aliitwa katikati ya chakula, kuna mama wa Katandala uchungu umemkaza. Akaenda, mtoto akatoka salama, akarudi akaendelea na ugali wake. Wanawake walikuwa wameshaamua ataitwa Hana. Akatoka wa kiume. Walisikitika kidogo, halafu wakasema basi, mwingine atakuja.

Na sasa, Mama, hali ya Daktari ni hii: anapiga mluzi wodini. Huku anafunga bandeji, mluzi. Nesi mkuu wetu siku ya kwanza alikunja uso, akasema hospitali si kilabu cha pombe. Juzi nimemkuta nesi mkuu huyo huyo peke yake chumba cha mashuka, anakunja shuka na anaupiga ule ule.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachemsha sindano, Daktari akaniuliza jambo. "Nesi, Hana hukumjua. Siku ile ulilia kuliko mimi. Ulikuwa unamlilia nani?"

Sikujitayarisha. Nilimwambia yote, habari za kaka Asajile, za mgodi, za yule mtu wa Kyela, za blanketi. Akanisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa. Ilianza lini? Alikwenda na nani? Halafu akauliza, "Alikuwaje?"

Nikasema alikuwa ananibeba mabegani tukivuka mto Kiwira, nami namshika masikio.

"Na jingine?"

Nikatafuta, Mama. Nilitafuta mpaka maji ya sindano yakakaukia. Nilikuwa mdogo alipoondoka, sina jingine. Nina masikio yake tu.

"Mama yako anayajua mengine?"

"Anayajua yote. Lakini hataki atajwe mpaka aone kaburi."

Aliziacha zile sindano, akakaa. Akasema, na mimi nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie mama yako kwamba mimi pia nilingoja kaburi, na nilijua hakuna. Niliona nikimlilia Hana nitakuwa nimekubaliana na waliomuua. Kwa hiyo niliandika vitabu, sikulia. Nimeandika jinsi alivyochukuliwa, nimeandika kila kitu. Na ule mluzi ulikuwa unanipotea kidogo kidogo, na mimi sijui. Siku ile balozi asingeniuliza chakula alichopenda, pengine ningekufa nao. Mama yako asingoje kama nilivyongoja mimi."

Basi Mama, hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Sisemi kwamba umekosea. Wewe umemngoja mwanao kwa sababu unampenda, na hakuna mtu wa kukufundisha kumpenda Asajile, si baba wadogo wala mimi. Lakini mimi dada yake nina masikio tu. Na mwanawe Ipyana, aliyeachwa tumboni, ana nini? Ana blanketi analokatazwa kuligusa. Nakuomba umlilie kaka. Nakuomba tukae chini wote, na wewe utuambie alipenda kula nini na alikuwa anakuudhi kwa jambo gani. Likizo yangu ni mwezi wa nane, Daktari ameshaniruhusu. Nitakuja na unga wa ulezi wa Kasense na migebuka ya Kabwe. Ukikubali, vitakuwa vya matanga, na mwisho wake blanketi apewe Ipyana limfunike. Ukikataa, nitakuja vilevile, samaki tutakula, na neno hili sitalirudia.

Wifi, sasa hapa soma kimya. Mama akiuliza mbona umenyamaza, mwambie mwandiko wangu ni kama miguu ya kuku.

Subilaga mpenzi, najua imekupasa kusoma haya yote kwa sauti, na sauti yako ikiwa imekwama mahali, nisamehe. Wewe umekaa miaka yote kwa mama mkwe wako, hujaitwa mjane wala huitwi tena mke wa mtu. Kwenye misiba ya wengine hujui ukae upande gani. Hukuwahi kulalamika, nami sikuwahi kukuuliza, sote tukijificha nyuma ya mchi wa Mama. Najua unalia ukiwa mtoni, Ipyana ameniandikia. Nataka ulie nyumbani, mbele ya watu, uambiwe pole kama wanawake wote. Na baada ya hapo, moyo wako ukitaka kubaki, nyumba ni yako, ukitaka kuanza maisha mengine, mimi nitakuwa wa kwanza kukushonea gauni. Haya, pangusa uso. Endelea kwa sauti.

Mama, karatasi inakwisha. Msalimie mjomba, askari wetu wa Burma, mwambie nimepata maswali mapya ya kumuuliza kuhusu vita vyake. Msalimie mchungaji na mke wake, na yule jirani yetu fundi cherehani anayedai nimerithi ulimi wa bibi. Ipyana mwambie shangazi yake amesikia ameongeza kimo, asiwe anagonga kichwa mlangoni. Hapa wanakusalimu Mama Klementina na Mzee Kristofa. Daktari Yakobo naye anakusalimu, na amenipa mshumaa nikuletee. Sijui ameupata wapi, dukani hakuna.

Wifi, ukifika hapa nadhani Mama amenyamaza. Usimuulize kitu, usimkunjie barua usoni. Mwache akae, mpe saa yake moja, hata zikiwa mbili. Lakini akianza kusema, "Asajile alipokuwa mdogo," usimkatize. Inuka polepole, ukabandike maji ya ugali.

Mwanao anayekupenda,
Tupokigwe